Siumwi, Ni Lipstiki Imeisha

Leo kabla saa nne ifike nimeulizwa na watu watatu kama naumwa. Wa kwanza soja wa geti. Wa pili msichana wa akaunti, akanishika mkono kwa huruma, pole, ni malaria ama ni tumbo? Wa tatu bosi mwenyewe, mtu ambaye mwaka jana nilikuja kazi na nimonia natetemeka kama matatu inapanda mlima na akaniambia nimalizie invoisi kwanza, leo ati anasema niende nyumbani nipumzike. Siumwi! Ni lipstiki imeisha.

Na haikuisha ghafla. Wiki tatu nimekuwa nikichokora kikopo chake na njiti ya kiberiti, zile za chini kabisa, mpaka njiti ikaanza kutoka na vumbi ya plastiki na nikajua hapo sasa najipaka kikopo.

Mtaniambia si ununue ingine. Asanteni sana, hata mimi nilifikiria hivyo. Dada wa duka ninakonunulia tangu 2014 hata hakuinua macho kwa simu. "Hiyo haitoki tena." Haitoki kwani imefungwa jela? Ati kampuni iliacha kuitengeneza. Nani aliulizwa? Mimi nanunua mbili kila mwaka, pesa yangu, na VAT asilimia 16 juu, hata SMS moja hawangenitumia? Watu wa mikopo wananitumia SMS usiku wa manane na sijawahi kuwakopa.

Sasa wacha niwaeleze rangi yenyewe ndio muelewe shida. Si nyekundu. Baba watoto anasema ni nyekundu, lakini huyo ako na rangi nne maishani, nyekundu, nyeupe, nyeusi na "ile ingine". Hii ni kahawia iliyokuwa inaelekea nyekundu halafu ikajiheshimu. Kama udongo wa Murang'a ukinyeshewa. Haing'ai, haibaki kwa kikombe cha chai, na nimeivaa kwa harusi, kwa matanga na kwa intavyu ya hii kazi yenyewe ninayoambiwa nitoke niende nipumzike.

Nimetafuta. Supamaketi kuna ya pinki na ya pinki zaidi. Niliagiza moja kwa simu, kwa picha ilikuwa yenyewe kabisa, ikaletwa na nduthi ikiwa zambarau ya askofu. Mtaani nikauziwa ingine imeandikwa imetoka "Parris", r mbili, mdomo ukawasha hadi taarifa ya saa tatu usiku.

Ndio Jumamosi ya wiki mbili zimepita nikajipeleka Dubois Road, ile barabara ya maduka ya urembo katikati ya Nairobi, na kama unajua Dubois Road Jumamosi unajua nilikuwa nimefika mwisho. Nikaingia eksibisheni moja, vile vibanda vya upana wa kabati, kila mlango kuna msichana anaita mrembo, mrembo, kuja nikuonyeshe. Nikatembea na heshima zangu. Halafu mmoja akaniita "mathe". Mathe! Nilisimama nimkaripie na hapo ndipo aliponishika, maana alikuwa ameshanyang'anya kikopo mkononi na anakigeuza kusoma ile stika ya chini. Stika yenyewe imefutika, imebaki 4 na kitu kingine kinaweza kuwa B ama 8.

"Nipe mkono," akasema.

Nikampa. Huyo msichana alikuwa na kucha za kuchimbia viazi lakini mkono mwepesi, akanichora mstari, akachora mwingine, kushoto kukajaa kutoka kwa saa hadi kwa kiwiko, akahamia kulia. Kila mstari anasema hii ndiyo. Na chini ya zile taa zao za pinki kila mstari kweli ulikuwa ndiyo, chini ya hizo taa hata mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nikamwambia hapana, siku hizi sidanganywi na taa, twende nje kwa jua. Akasema hawezi kutoka na testa, bosi ako na kamera. Nikamwambia basi testa ibaki, mikono ndiyo inatoka.

Tukatoka. Sasa nifikirie mimi, mama wa watoto watatu, mweka hazina wa chama, nimesimama Dubois Road nimeinua mikono yote miwili ili isiguse blauzi, imechorwa michirizi kama punda milia. Mama wa njugu aliponiona hivyo akadhani kanjo, askari wa jiji, wamenikamata, akafunga beseni akapotea, na wa soksi akamfuata, na wa chaja akafuata wa soksi. Mwenye mkokoteni ndiye alifurahi, njia imefunguka, lakini badala apite akasimama. Akaangalia. "Ni ya tatu kutoka kwa kiwiko."

"Ya tatu ni nyeusi," akasema mtu simjui.

"Nyeusi wapi, wewe huoni?"

Ikawa kura. Watu kama kumi na wawili, kila mtu na mstari wake, mwingine ameingia katikati na hajui tunatafuta nini lakini anaunga mkono wa kulia. Kulikuwa na mhubiri hapo kona na spika yake, akaona watu wake wamehamia kwangu, akaingia Yezebeli moja kwa moja. Na ukisoma 2 Wafalme 9 Yezebeli alijipaka macho, mdomo haukutajwa, nilitaka nimsahihishe lakini mikono ilikuwa na shughuli.

Ndipo akatokea mzee mmoja na ovaroli ina rangi ya kila gari lililowahi kugongwa Nairobi, amebeba mkebe wa thina na msasa kwapani. Hakusema kitu. Akaomba kikopo changu, akatoa kidogo na ukucha, akapaka juu ya kucha ya kidole gumba. Akaangalia kwa jua. Akaangalia kwa kivuli. Akainamisha kidole akaangalia kwa upande, vile mtu huangalia kama mlango wa gari umenyooka. Watu wote wakanyamaza, hata spika ya mhubiri ilikuwa inakoroma tu.

"Mama, hizi zote ziko na bluu ndani. Yako iko na njano. Ndio maana zinakaribia lakini hazigusani."

Jamani. Miezi miwili nazunguka maduka ya urembo na hakuna mtu amewahi kuniambia kitu cha maana kama hicho.

Kumbe ni fundi wa rangi huko Grogan, Kirinyaga Road, kazi yake ni kupaka mlango mmoja wa gari ufanane na ile mingine mitatu iliyopigwa na jua miaka kumi. Akanieleza polepole kama mgonjwa. Rangi haiangaliwi kwa taa ya duka. Haiangaliwi peke yake pia, maana kile kilicho chini yake kinaingia ndani, mkono si mdomo, mdomo uko na wekundu wake. "Na hii kahawia yako," akasema, "hii ni redi oksaidi. Ile tunapaka chuma kabla ya rangi. Ni kutu."

Kutu?

Nikatoa ile zambarau ya askofu kwa mkoba, nikasoma karatasi yake. Na iko, CI 77491, mzee akaniambia hiyo ndiyo oksaidi ya chuma, hata kwa mikebe yao inaandikwaga. Mimi na miaka yote hii, shilingi mia nane kwa mia nane, najipaka kutu iliyochanganywa na nta na mafuta ya mbarika. Msichana wa kucha akaona asipitwe, akasema na zile nyekundu nyekundu kabisa zingine ni mdudu, kuna mdudu anakaa kwa dungusi, anakaushwa anasagwa. Mhubiri alifurahi sana na hiyo. Akapata mahubiri ya mchana mzima.

Mzee akaandika dawa nyuma ya risiti. Kahawia sehemu mbili, ile ya rangi ya matofali sehemu moja, yeyusha, jaribu kwa mdomo si kwa mkono. Msichana aliyekuwa ananiuzia moja sasa akaniuzia mbili, mia saba, akaniita mrembo nikitoka. Sasa?

Nyumbani nikayeyusha kwa kijiko juu ya gesi. Inayeyuka haraka, ni nta tu. Ya kwanza ikatoka kama ini. Ya pili ilikuwa karibu, karibu kabisa, lakini moja ya hizo mbili ilikuwa na harufu ya stroberi na jikoni kulikuwa na dhania, sasa fikiria hiyo mdomoni saa nane mchana. Kabla ya ya tatu mtoto akachukua kile kijiko akakorogea baba yake uji. Huyo mtu alikunywa wote. Akasema leo uji una kitu.

Na hapana, sijacheka, watu waache kuniambia nicheke. Nimechoka. Ukizoea stepu ya matatu inahamishwa, ukizoea sidiria wanabadilisha lastiki, mkate niliokuwa nakula siku hizi ni hewa imefungwa karatasi, na kila mahali unaambiwa kuna mpya, iko poa zaidi. Nani alisema ile haikuwa poa? Kitu kimoja kilikuwa kinanikaa. Kimoja!

Tena kosa ni langu, nilimpa baba watoto namba ya yule mzee. Nilikuwa namsifu tu. Yeye akakumbuka Probox, ule ubavu uliokwaruzwa na lori la mchanga, akampigia Jumatatu, Jumanne Probox ikaenda Grogan ya siku mbili. Leo ni wiki ya pili. Mimi ndio napanda matatu, bila gari na bila mdomo. Kila siku fundi ako karibu kumaliza, kila siku kuna hela ya thina.

Jana jioni nikashukia huko nikagombane naye. Probox imesimama kando ya barabara, imeparuzwa yote, imepakwa redi oksaidi kutoka boneti hadi nyuma, na jua la saa kumi na moja linaipiga ubavuni.

Ni yenyewe. Ile ile! Mzee anaongea mambo ya elfu nane imebaki, mimi nimetoa kikopo nimekiinamisha karibu na mlango, kwa jua, kwa kivuli, kwa upande. Baba watoto amepiga simu anasema anataka nyeupe kama mwanzo, ipakwe kesho asubuhi.

Nimewaambia wote wawili wangoje kwanza.