HPV si moja: je, tupime na aina ya kirusi?

Pamba iliyochovywa kwenye siki, tochi, na dakika moja ya kusubiri. Hivyo ndivyo wanawake wengi wa Tanzania wanavyochunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Mlango wa kizazi ukipakwa siki na pakigeuka peupe, muuguzi anaingiwa na shaka. Ni kipimo cha bei nafuu na jibu hutoka papo hapo, lakini kinategemea jicho: wauguzi wawili wanaweza kumtazama mama mmoja wakatofautiana.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kupima vinasaba vya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, badala yake. Kipimo hicho hunasa zaidi, na mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia. Shida ni kwamba wengi watakutwa na kirusi ambacho mwili ungekiondoa wenyewe. Ukiwatibu wote kwa kuunguza mlango wa kizazi, umewaunguza wengi bure. Ukiwaambia wote warudi kwa vipimo zaidi, wapo ambao hutawaona tena, na hao ndio wanaoniumiza.

Kujua aina ya kirusi kunasaidia kuchuja. Aina ya 16 na 18 ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Mwenye 16 asisubirishwe. Mwenye aina isiyo kali sana anaweza kuangaliwa kwanza kwa siki. Tena mashine za GeneXpert tunazo tayari kwa ajili ya kifua kikuu, na jibu la HPV hutoka kwa saa moja hivi. Kweli, katriji, yaani kifuko cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine, ni ghali, na makohozi ya wagonjwa wa TB nayo yako foleni kwenye mashine ile ile. Hilo si jambo dogo.

Mimi naogopa zaidi aina ya 35. Katika saratani za wanawake wa Afrika huonekana zaidi kuliko kwingineko, na haimo hata kwenye chanjo ya HPV inayokinga aina tisa. Kipimo kinachotaja 16 na 18 tu kitamtupa mama mwenye 35 kwenye kapu la "nyinginezo". GeneXpert huiweka 35 kundi moja na 31, 33, 52 na 58. Kundi hilo nalo lipewe uzito, hasa kwa wanaoishi na VVU, ambao hatari yao ya saratani hii ni mara sita ya wasio na VVU. Na jibu litoke mama akiwa bado kwenye benchi, na chumba cha matibabu kiko wazi.