Dole Gumba Kwenye Picha ya Korosho

Nimebangua korosho tangu nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza korosho zangu zina pikseli ngapi. Mteja alikuwa anakuja pale sokoni Mtwara, anachukua moja, anaitafuna, anachukua ya pili kwa kisingizio kwamba ya kwanza hakuielewa vizuri, kisha ananunua au anakwenda zake akiwa ameshiba. Siku hizi mteja yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, amejilaza kwenye kochi lake, na kitu pekee anachoweza kukionja ni picha. Ndiyo maana katika umri ambao wenzangu wanacheza bao chini ya mwembe huko Chikongola, mimi nimewekwa darasani kusomea kuhariri picha, na mwalimu wangu ni mpwa wangu.

Jambo hili la mpwa lazima lieleweke. Kwetu sisi Wamakonde, tangu enzi za mabibi, mjomba ndiye mwenye neno. Dada yako akizaa, mtoto anakutazama wewe kabla hajamtazama baba yake. Sasa mtoto huyo huyo, niliyemchagulia jando, anaingia barazani kwangu na kusema, "Shikamoo, mjomba. Hii picha yako ni mbaya sana." Sikuwahi kujua kwamba shikamoo na tusi vinaweza kutoka kwa pumzi moja.

Picha yenyewe niliipiga kwa jitihada kubwa. Nilitandika kanga mpya ya mke wangu, ile yenye maandishi "Usisafirie nyota ya mwenzio", nikamwaga juu yake korosho nyeupe nzimanzima, nikaegemeza pakiti yenye nembo yangu upande wa kulia. Upepo wa baharini ulikuwa unainua kanga, kwa hiyo nikaibana kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika simu. Matokeo yake ni kwamba dole gumba langu limekaa kwenye pembe ya chini, limefunika nusu ya neno la kwanza, jeusi tii, limepasuka kwa yale mafuta ya ganda ambayo kila mbanguaji anajua yanavyounguza ngozi. "Mjomba," alisema mpwa wangu, "mteja atadhani ni korosho iliyoungua."

Somo la kwanza lilikuwa la namba, na hapo ndipo tulipogombana. Mtu aliyekulia kwenye korosho anajua kwamba namba kubwa ni balaa. Daraja la W180 ndilo mfalme, kwa sababu ratili moja inajazwa na punje zisizozidi 180; ukifika W320, ambalo ndilo la kila siku, ratili hiyo hiyo inameza punje hadi 320; na W450 ni la kuhesabiwa kwa miwani. Namba inapopanda, korosho inasinyaa. Basi mpwa wangu aliponiambia kwamba picha ya simu yangu ina pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12 kwa jumla, nilimpa pole, nikamuuliza kama fedha zikipatikana tunaweza kununua simu yenye pikseli 180. Alininyamazia kwa muda mrefu. Halafu akaeleza kwamba pikseli ni kijiraba kimoja cha rangi, kwamba picha nzima ni mkeka uliosukwa kwa vijiraba hivyo, na kwamba vikiwa vingi macho yanaona mambo zaidi. Nikasema nimeelewa: huku kwenye picha, W450 ni bora kuliko W180. Akakubali, kisha akaharibu kila kitu kwa kuongeza kwamba vikizidi navyo ni hasara.

Hasara hiyo imo kwenye uzito. Kila picha yangu ilikuwa na kama megabaiti 4, nami nilikuwa nimepandisha picha 20 kwenye ukurasa wa duka, kwa hiyo mtu aliyetaka kutazama tu korosho alilazimika kuteketeza megabaiti 80 za bando lake kabla hajaulizia bei. Tena kioo cha simu yake hakina hata nafasi ya kuzionyesha pikseli zote hizo. Picha yenye upana wa pikseli 1080 ingemtosha kabisa, na nyingine zilikuwa zinasafiri bure. Hili nililielewa bila ugomvi, kwa kuwa ni sawa na mtu aliyeagiza pakiti ya nusu kilo ukampelekea gunia zima ili achambue mwenyewe mlangoni.

Basi nikaanza kupunguza. Nilipunguza kwa ari ya mwanafunzi mpya, nikiwa peke yangu usiku, mpwa amekwenda kutazama mpira. Nilipunguza picha za korosho, nikapunguza picha za pakiti, na mkono ulipokuwa umekolea nikaipunguza na nembo ya biashara hadi upana wa pikseli 200. Kila nilipomaliza, simu iliniuliza kama ningependa faili jipya lichukue nafasi ya lile la zamani. Mimi ni mtu niliyelelewa. Nikiulizwa jambo kwa upole, hukubali.

Kilichofuata kinahitaji kusimuliwa taratibu, kwa sababu kiligharimu fedha. Niliipeleka nembo ile kwa fundi wa mabango ili anichapie bango la upana wa mita 2 la kutundika juu ya genge. Mwenye hesabu nyepesi ameshaona msiba: pikseli 200 zikitandazwa kwenye mita 2, kila pikseli inapata upana wa sentimita 1 kamili, sawa na dadu ya kuchezea. Ile korosho ya nembo, ambayo ilikuwa na mgongo wa mviringo kama mwezi mchanga, ikawa na ngazi. Jirani yangu anayeuza ng'onda alisimama mbele ya bango, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia, kisha akaniuliza kwa heshima zote ni lini nimeanza kuuza matofali. Nilipomrudia fundi kwa hasira, alinionyesha faili langu mwenyewe na kuniambia kwamba mashine yake inachapa kilicholetwa. Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo haki inayouma kuliko dhuluma.

Mpwa wangu aliporudi alinipa pole mbili: moja ya bango na nyingine ya timu yake. Akanieleza kwamba picha ya kamera haina namna ila kuwa ya pikseli, lakini nembo haipaswi kuhifadhiwa hivyo hata kidogo. Inachorwa kwa mtindo wa vekta, ambao haukumbuki vijiraba bali unakumbuka maelekezo ya mistari, mikunjo na rangi, hivyo unaweza kuikuza hadi ikafunika meli bandarini na mgongo wa korosho ukabaki laini. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hayo kabla ya bango. Akasema lilikuwa somo la wiki ijayo.

Aliichora upya, naye akanikabidhi katika PNG, aina ya faili la picha, ili niibandike juu ya picha. Nilipoifungua kwenye programu nilikuta nyuma ya korosho pametandazwa vigae vyeupe na vya kijivu, vimepangwa kama bafu la nyumba ya wageni. Nilimgombeza kwa dakika nzima. Kumbe vile vigae ndiyo alama ya mahali patupu. Ukiibandika nembo, vinatoweka na kilichopo chini kinaonekana. Nikaihifadhi upya kama JPEG, aina nyingine ya faili la picha, kwa kuwa nilishalizoea jina hilo, na patupu pakageuka boksi jeupe lililoizunguka nembo kama bandeji, maana JPEG haijui kitu kinachoitwa patupu. Ina ubaya mwingine pia. Kiwango hicho, ambacho kimekuwapo tangu 1992, hupunguza uzito wa picha kwa kutupa mambo madogo ambayo jicho halina habari nayo, na kila unapoifungua, ukaigusa na kuihifadhi tena, kinatupa tena. Ni kama kupepeta: mara ya kwanza yanatoka makapi, mara ya kumi unapepeta korosho yenyewe.

Kuhusu programu nitakuwa mfupi, kwa sababu bado naumia. Nilitaka Photoshop, kwa kuwa ndilo jina ambalo kila mtu analitaja. Ilianzishwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, ikaingia sokoni mwaka 1990, jambo linalonishangaza, maana kwetu ndugu wawili wakianzisha kitu kwa pamoja huishia kwa mwenyekiti wa kijiji wakigombea mikorosho. Lakini wanataka ulipe kila mwezi, na korosho haina mshahara wa kila mwezi, ina msimu. Tukachukua GIMP, ambayo ni ya bure na ipo tangu 1996, tukaiweka kwenye kompyuta mpakato ya mpwa wangu ambayo feni yake inavuma kama mashine ya kusaga.

Humo ndimo tulimokutana na rangi. Kioo kinachanganya nyekundu, kijani na bluu, kila moja ina ngazi 256, na ukizidisha zote unapata rangi 16,777,216. Mke wangu, ambaye alikuwa anakaanga jikoni, aliposikia hesabu hiyo alisema kwamba korosho ina rangi mbili tu, iliyoiva na iliyoungua, na kwamba nikiendelea kumpigia kelele atanionyesha ya pili. Mimi nilikazana. Niliongeza mwanga, nikaongeza ukolezi, hadi korosho zikang'aa kama dhahabu ya sonara, na mteja mmoja wa Dar es Salaam alipopokea mzigo kutoka kwenye basi alinipigia simu kuuliza zile za njano ziko wapi. Nilirudisha rangi ilivyokuwa.

Likabaki dole gumba. Mpwa wangu alisema kuna zana ya kunakili, ambayo inachota kipande kizuri cha picha na kukipaka juu ya kibaya, na akaniachia nijaribu mwenyewe. Nilikaa saa mbili, pua ikigusa kioo. Nilichota kanga, nikapaka juu ya kucha. Nikachota pindo, nikapaka juu ya ule mpasuko. Mkono ukateleza, nikachota na korosho. Nilipomaliza, dole lilikuwa limetoweka kweli, ila mahali pake paliota korosho pacha, inayofanana na jirani yake hadi kwenye ufa, na maandishi ya kanga yalikuwa yakisomeka "Usisasasa nyota". Mpwa aliitazama kazi hiyo akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja, kama ilivyo adabu mbele ya mjomba, akaufuta upuuzi wangu wote, akaikata picha upande wa kushoto kwa mstari mmoja, na dole likaenda. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Ni kweli kwamba na neno la kwanza la kanga lilikwenda nalo, lakini picha ilikaa vizuri, korosho zikajaa, pakiti ikasimama, na chini yake pakasomeka kwa herufi kubwa: NYOTA YA MWENZIO. Mke wangu alisema tumemharibia kanga. Tukampuuza, tukaipandisha.

Siku ya nne mpwa wangu alikuja mbio na simu mkononi, akasahau hata kuniamkia. Kwenye ukurasa wa muuzaji mwingine kulikuwa na picha yangu. Kanga ile ile, korosho ile ile yenye ufa, na nembo yangu kwenye pakiti imefunikwa na nembo yake, tena ya PNG, haina boksi jeupe hata chembe. Bei yake ilikuwa chini ya yangu. Nilimwamuru mpwa amwandikie mwizi huyo hapo hapo, amwambie kama hana aibu ya watu basi asome kilichoandikwa kwenye kanga aliyoiiba.

"Mjomba," alisema, "lile neno la kukataza tulilikata wenyewe."

Nikamwambia basi aifungue ile picha ya asili, ile yenye dole gumba langu, tuionyeshe kama ushahidi, kwa maana dole kama hili halina mwingine katika mkoa mzima. Akaniuliza niliihifadhi wapi. Nikamwambia pale pale ilipokuwa. Akaniuliza ile iliyokatwa nayo niliihifadhi wapi.