Chaplin hahitaji mkalimani
Ndugu mwandishi, hapo uliposema vichekesho vya nje vinawapita vijana wetu kwa sababu ya lugha, mimi nakataa. Njoo kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video, hapa Majengo, Moshi, siku wakiweka filamu ya Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa zamani. The Gold Rush ni filamu bubu ya 1925, lakini jamaa akianza kula kiatu kilichochemshwa, anazungusha kamba kwenye uma kama tambi na kufyonza misumari kama mifupa, watu wanashika mbavu. (Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa pipi.) Tatizo si lugha, ni hawa wanaotafsiri filamu za nje kwa kuongea juu ya sauti yake, wanaongea hata pale mhusika amenyamaza makusudi! Marehemu King Majuto, mchekeshaji wetu, alikuwa anakukodolea macho tu, tayari umeshacheka. Waigizaji wengi wa sasa wanapiga kelele mno.