Etnobotania: lawama ya jina na faida ya kazi

Kwenye soko la Kadutu, Bukavu, mubirizi, jani la dawa, huuzwa kwa fungu na hakuna anayeuliza jina la Kilatini. Jani hilohilo likifika chuo kikuu linaitwa kitu cha "etnobotania", elimu ya jinsi watu wanavyoijua na kuitumia mimea. Wapo wanaoona dharau hapo: Mzungu akijua mmea ni botania tu, Mushi (mtu wa Bashi, wenyeji wa Bukavu) akiujua inatanguliwa na "etno". Lawama hiyo ina mzizi. Ethnos kwa Kigiriki ni watu, taifa. Wingi wake ndio "Mataifa" wa Biblia yetu, wale wa nje. (Botanē nayo ilikuwa majani ya malisho, kwa hiyo wasomi wasijivune.)

Neno lilitungwa na John William Harshberger huko Philadelphia mwaka 1895; kabla yake Wamarekani walisema "botania ya wenyeji". Alikuwa akichunguza mabaki ya mimea kutoka magofu ya kale ya kusini-magharibi mwa Marekani, yaliyoonyeshwa Chicago 1893. Alitaka kujua mimea ilienea wapi, biashara ilipita njia gani, hata viwanda vingepata bidhaa gani mpya. Waliovitumia vitu vile walikwisha kufa zamani. Kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko "etno": elimu ilizaliwa bila mtu wa kuulizwa.

Lakini kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, inalinda. Tawi la mmea likatwe liwe sampuli ya kuhifadhi, likiwa na ua au tunda, libanwe kati ya magazeti, na magazeti yabadilishwe kila siku wiki ya kwanza; kwa unyevu wa Bukavu, ukiruka siku mbili linaota ukungu. Andika jina kwa Mashi (lugha ya Bashi), sehemu inayotumika, na kipimo kwa mizani. "Konzi moja" haitoshi: mabichi yamejaa maji, kwa hiyo konzi ya makavu, yakiwa yamesagika, ni dawa nyingi zaidi. Wengi huharibu hapo.

Bila tawi kavu, jina peke yake linaweza kubeba mimea miwili. Bila jina la kienyeji, Kilatini nacho kinateleza: Vernonia amygdalina, yaani mubirizi, siku hizi wengi huiandika Gymnanthemum amygdalinum, wakati mubirizi ni mubirizi bado.

Kwa hiyo neno libaki. Lebo inayobandikwa pamoja na tawi kavu ndiyo ibadilike. Ina mstari wa aliyekusanya. Jina la mama aliyeeleza, akikubali liandikwe, hubanwa pembeni kwa kalamu, kama limeandikwa kabisa.