Natafuta Printa Inayojua Kukaa Bure

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa makaratasi. Nikihesabu kwa uaminifu, nyumba yangu haihitaji zaidi ya kurasa 50 kwa mwaka mzima: fomu za shule mwezi Januari, nakala ya kitambulisho cha NIDA kila ofisi inaposahau kwamba niliipelekea nyingine mwezi uliopita, tiketi ya shemeji yangu ambaye hadi leo haamini kwamba kondakta anaweza kuridhika na simu, na ile ramani ya Tanzania yenye mikoa ya rangi ambayo mwalimu huiagiza leo jioni ikiwa inatakiwa kesho asubuhi. Kwa mahitaji ya namna hiyo, mtu mwenye akili zake hutembea dakika nne hadi steshenari, hulipa shilingi 200 kwa ukurasa, kisha hurudi nyumbani kula.

Nami ningeendelea kutembea dakika hizo nne, laiti kompyuta ya pale steshenari isingekuwa na kumbukumbu kali kuliko mama mkwe wangu. Kila faili unayoituma pale hubaki kwenye uso wa kompyuta, ikionekana na kila anayeegemea kaunta, na mimi mwenyewe, nikisubiri zamu yangu, nimewahi kusoma majina kama “mkataba wa kiwanja sahihi”, “barua ya kuacha kazi” na “talaka mpya 2”. Nilicheka kimoyomoyo, nikiwa nimesahau kwamba faili yangu ilikuwa ya nne kutoka juu. Wiki mbili baadaye Mangi wa dukani alinipa pole kwa masharti magumu ya mkopo wangu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama watoto, ambaye wakati huo alikuwa amesimama kando yangu akipokea kilo moja ya sukari.

Ndipo nikaamua kuwa na printa yangu mwenyewe.

Printa ya kwanza niliichagua kwa ushauri wa kijana mmoja wa Kariakoo, mwenye ulimi mtamu kuliko mashine alizokuwa akiuza. Aliniambia, “Bosi, chukua hii ya matangi, utanishukuru. Chupa moja ya wino mweusi inakupa kurasa 4,500.” Nilipiga hesabu palepale, nikaona kwamba kwa kurasa 50 kwa mwaka chupa ile ingenitosha miaka 90, maana yake ningekufa na kuwaachia wajukuu wino wa kugawana. Nikatoa zaidi ya shilingi laki tano nikijiona mjanja. Jambo ambalo sikulitafakari ni kwamba wino haujui kusubiri wajukuu.

Printa za matangi, zile unazozijaza wino kwa kuumimina kutoka kwenye chupa, zina heshima yake, na sitaki kuzisema vibaya kwa kosa langu. Epson ilizitoa kwanza Indonesia mwaka 2010, katika nchi ambako watu wenye kazi nyingi za kuchapa walikwisha kuanza kutoboa printa zao na kuziunganishia mipira na chupa za wino wa jumla. Ni mashine ya mtu anayechapa mitihani ya shule nzima. Mimi niliichapishia fomu mbili mwezi Januari, nikaifunika kwa kitambaa cha kufuma, na sikuigusa tena hadi baada ya Idi, mwalimu alipoagiza ramani.

Ramani ilitoka ikiwa na michirizi kama pundamilia. Bahari ya Hindi haikuwepo kabisa, na Ziwa Victoria lilikuwa na rangi ya soseji. Mwanangu aliitazama kwa muda, akaniuliza kwa adabu kama Mwanza sasa iko jangwani.

Fundi niliyempelekea alinieleza kwa upole unaotumiwa na daktari anapozungumza na ndugu wa mgonjwa. Wino wa printa za namna hii sehemu yake kubwa ni maji, na hupita katika vitundu vyembamba kuliko unywele. Printa ikikaa bila kazi, maji hukauka, rangi hubaki imeganda mlangoni, na kichwa cha kuchapia huziba. Katika mashine yangu kichwa hicho kimefungwa ndani ya printa yenyewe, kwa hiyo kubadilisha wino hakukisaidii, na kukibadilisha chenyewe ni gharama inayokaribia kununua printa nyingine. Nikamwambia kwamba nimekwisha kubonyeza kile kitufe cha kusafisha kichwa, tena mara sita. Akatikisa kichwa chake, ambacho hakikuwa kimeziba, akafungua mashine kwa chini na kunionyesha sponji nene iliyolowa na kuwa nyeusi tii. Kumbe kila unapoamuru printa isafishe kichwa, huvuta wino kwa nguvu kupitia vitundu vile na kuumwaga mle. Wino wa wajukuu wangu ulikuwa umelala pale wote, umenyonywa na sponji, bila kuandika hata herufi moja.

Kisha akaniuliza swali lililonivunja nguvu: “Mzee, ukimaliza kuchapa huwa unaizima wapi?”

Sisi tunaishi nyumba ya kupanga pale Tabata, familia tano kwenye mita moja ya LUKU, na katika nyumba ya namna hiyo kila mpangaji ni askari wa umeme wa mwenzake. Kwa hiyo mimi, kwa kuogopa maneno, nilikuwa nikiizima printa ukutani mara tu karatasi inapotoka. Fundi alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Printa inatakiwa izimwe kwa kitufe chake yenyewe, kwa sababu ikizimwa hivyo hupata nafasi ya kurudisha kichwa pembeni na kukikalisha juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia wino usikauke. Ukiikatia umeme ukutani kabla haijamaliza, au LUKU ikiisha katikati ya ukurasa, kichwa hubaki kilipo na kulala mdomo wazi kama abiria wa basi la usiku. Zaidi ya hayo, printa nyingi zikikatiwa umeme kabisa huamka na wasiwasi, zikaanza kujisafisha zenyewe kabla hujaziambia lolote. Ili kuokoa umeme wa shilingi ishirini, nilikuwa nikimwaga wino wa shilingi elfu moja.

Niliporudi Kariakoo safari ya pili nilikuwa mtu mwingine. Sikutaka tena kusikia habari za mbio za mashine. Kila muuzaji alinitajia kurasa ngapi hutoka kwa dakika, nami nilimjibu kila mmoja, “Kijana wangu, mimi sina haraka. Niambie hii ukiiacha miezi miwili bila kuigusa, itaamkaje?” Wengi walinitazama kama mtu aliyekwenda kununua gari akauliza namna linavyoegeshwa. Mmoja alinihakikishia kwamba ina waifai. Mwingine alisema ni orijino.

Hata maandishi ya kwenye boksi hayakuwa upande wangu. Ile idadi ya kurasa wanayoitangaza hupimwa kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO/IEC 24711, ambamo printa hupewa kurasa izichape mfululizo hadi wino uishe, jambo ambalo halijatokea nyumbani kwangu tangu nioe. Hakuna boksi lililoandikwa kwa ajili ya mtu anayechapa ukurasa mmoja Januari na mwingine Aprili, huku mashine ikijisafisha kati ya hapo kwa gharama yake.

Najua wapo watakaosema ningenunua ya leza, na hawakosei: tona ni unga, haina cha kukauka, na ingekuwa ya mimi na barua zangu tu ningeinunua nyeusi ya kawaida na hadithi ikaishia hapo. Lakini mwalimu anataka mikoa ya rangi, na leza ya rangi nilipoulizia bei nilijifanya nimepigiwa simu.

Hatimaye nilichagua kwa kufuata kitu kimoja ambacho fundi alinifundisha na ambacho hakuna muuzaji aliyenitajia. Zipo printa ndogo za katriji, yaani vijiboksi vya wino vya kuchomeka na kuchomoa, ambazo kichwa cha kuchapia hakiko ndani ya mashine bali kiko kwenye katriji yenyewe, kwa hiyo wino ukiganda kabisa unatupa katriji, unanunua nyingine, na unakuwa na kichwa kipya. Si katriji zote ziko hivyo. Zile ambazo kila rangi ina kijiboksi chake peke yake mara nyingi ni za wino mtupu, na kichwa kimebaki ndani. Basi nilimwomba muuzaji afungue boksi, nikaitwaa katriji na kuigeuzageuza kama mtu anayechagua papai, hadi nilipokiona chini yake kile kibati chembamba chenye vitundu, na ubavuni yale madoa ya rangi ya shaba yanayopokea umeme. Muuzaji alidhani natafuta tarehe ya kuharibika, na kwa kweli hakuwa mbali. Nilimwuliza pia kama printa hiyo inakubali kuandika kwa wino mweusi rangi zikiisha, maana zipo zinazogoma kuandika barua nyeusi kwa sababu ya kuomboleza njano.

Nililipa chini ya laki mbili. Katriji nyeusi ni ya kurasa 120 tu, na mpya inauzwa shilingi 48,000, yaani shilingi 400 kwa ukurasa kabla ya kuhesabu karatasi, mara mbili ya bei ya steshenari. Mama watoto aliifanya hesabu hiyo kichwani akiwa anachambua mchele, akanitazama, akaendelea kuchambua.

Nikawa naizima kwa kitufe chake. Tena, ili isikauke, nikajiwekea utaratibu wa kuchapa ukurasa mmoja wa rangi kila Jumapili usiku baada ya watoto kulala. Nilichagua bendera ya Taifa, kwa kuwa ina kijani, njano, nyeusi na bluu, na pembeni nikaongeza nyanya moja kubwa ili wino mwekundu nao usijione yatima. Mwezi wa tatu ndipo nilipogundua kwamba Jumapili katika mwaka ni 52, na kwamba mimi, mtu wa kurasa 50, nilikuwa nachapa kurasa 52 za bendera na nyanya ili nipate uwezo wa kuchapa zile 50.

Wakati nawaza namna ya kumweleza mama watoto jambo hilo, tatizo lilijitatua lenyewe kwa njia ambayo sikuiomba. Majirani walijua. Sielewi nani aliwaambia, ingawa namshuku shemeji na tiketi yake. Alianza mpangaji wa chumba cha pili na barua ya mjumbe, akafuata mama wa chumba cha kona na fomu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, nakala kumi na mbili, kisha watoto wa nyumba zote wenye ramani. Hakuna aliyetoa hata shilingi mia, kwa sababu jirani huombwa kama chumvi. Katika wiki tatu katriji ya kurasa 120 iliisha bila kupata nafasi hata ya kufikiria kukauka, na mimi niliyeitafuta Kariakoo nzima printa inayojua kukaa bure nikatambua kwamba kwa kazi ninayoifanya sasa nilipaswa kuwa na ile ya matangi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nimekuwa steshenari. Najitahidi nisisome, lakini printa hii huutoa ukurasa polepole, mstari kwa mstari, na mtu aliyesimama mbele yake hana pa kuyapeleka macho. Hivi sasa najua nani anadaiwa ada, nani ameomba uhamisho, na nani ana kiwanja Chanika ambacho mkewe hakijui.

Juzi saa tatu usiku kijana wa chumba cha kona alibisha hodi akiwa na flashi mkononi. “Shikamoo anko. Mama anaomba umchapie barua.” Nikaiwasha printa, ikanguruma na kujisafisha, na karatasi ikaanza kutoka. Kwanza ikaonekana tarehe. Kisha jina la mwenye nyumba. Kisha, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: YAH: MALALAMIKO KUHUSU MPANGAJI WA VYUMBA VYA MBELE KUWEKA KIWANDA NA KUMALIZA LUKU. Printa hii haifiki hata wati 20 ikiwa inachapa, friji ya mama huyo hainyamazi usiku na mchana, na ningependa sana kumweleza kijana tofauti hiyo, lakini barua ilikuwa bado inatoka. Ilieleza kwamba mashine hiyo hulia usiku, hasa Jumapili. Ilieleza kwamba wapangaji wamevumilia vya kutosha. Ilipofika kwenye aya ya tatu, mahali lilipoandikwa jina langu kamili, wino ulianza kufifia na kuacha michirizi.

Nilisimama pale kwa muda. Ningeweza kuiacha hivyo. Lakini kazi mbovu haijawahi kutoka katika mashine yangu tangu ile ramani, kwa hiyo nilibonyeza kitufe cha kusafisha kichwa, nikasubiri imwage wino wangu kwenye sponji, nikarudia ukurasa mzima, na safari hii jina langu likasomeka vizuri sana.

“Ahsante anko,” kijana akasema, akiutazama ukurasa kwenye mwanga. “Mama amesema nakala tatu.”