Baba wa Mama Yangu

Jamani, huu mwezi wa pili sasa mimi ni baba wa mama yangu mzazi. Msicheke kwanza.

Mke wangu alijifungua binti, na kabla kitovu hakijadondoka alishakuwa na majina kwenye simu: Aryana, Kayla, Leyana, majina yanayoteleza kama mlenda. Nikamwambia, mke wangu, mtaa wetu huu hapa Ujiji kina Aryana wako wanne. Ukiita mmoja wanakuja wote, na wote wana njaa. Mimi wangu nampa jina lenye mifupa. Mwamvita.

Ni jina la mama. Naye alirithi kwa bibi yake, mzaliwa wa mwaka 1916, Mjerumani na Mbelgiji walipokuwa wanagombania Kigoma. Mwana wa vita, ndiyo Mwamvita. Mwaka huo huo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, isichukuliwe na adui. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, wakaiita Liemba, jina la kale la ziwa letu, Tanganyika. Nikamweleza mke wangu: unaona? Ilipokuwa na jina la kigeni ilikwenda chini. Ilipopewa jina la wahenga ikabeba watu na dagaa mpaka wajukuu wakaipanda.

Akanitazama. "Mimi nimezaa mtoto, sijazaa meli."

Ningenyamaza hapo ningekuwa salama, ila mama alikuwa nyuma ya pazia, ameshasikia, ameshalia machozi ya furaha. Siku ya saba mbuzi akachinjwa. Kliniki nesi akatazama kadi, akauliza, "Hili la bibi yake nimeliona. La mtoto lipi?"

Kumbe balaa lenyewe lilikuwa linasubiri usiku. Mkwe hamtaji mkwewe kwa jina, sembuse kumgombeza. Sasa mke wangu yuko hoi kwa usingizi, mtoto anapiga kelele saa nane, akasahau. "Mwamvita! Hebu lala, umezidi!" Chumba cha pili kikajibu kwa upole, "Nimelala, mwanangu. Nimekosa nini?"

Kuanzia siku hiyo mtoto anaitwa "mama mkwe". Nikadhani yameisha. Asubuhi moja mke wangu yuko uani anafua, jirani akachungulia, mbona nguo nyingi hivyo? Akamjibu bila kuinua kichwa: "We acha tu. Mama mkwe kaharisha usiku kucha, kanilowesha mpaka godoro."

Adhuhuri haijafika, jirani kaingia na uji wa mtama, akamshika mama mkono. "Pole bibi. Ndio uzee, hakuna aliyeuomba." Mama ana miaka 61! Anatoka Kibirizi na beseni la dagaa kichwani bila kulishika! Uji aliunywa, lakini mimi hakunisemesha siku mbili.

Nikikimbilia kibarazani kwenye kahawa ndiyo nimejipeleka machinjioni. "Baba Mwamvita, mama hajambo?" Sijui wananiuliza yupi. Juzi nikajibu bila kufikiri, "Hajambo, shingo tu ndiyo haijakaza." Mzee mmoja alimwaga kahawa kwenye kanzu, na kikombe nikakilipia mimi.

Jana mama kaniita pembeni. Kainamisha sauti kama anauliza habari za deni.

"Mwanangu, lile jina la mkeo la kwenye simu lilikuwaje vile?"

"Aryana."

Akalitafuna kidogo. "Si baya."

"Mama! Mbuzi tumeshamla!"

"Mmemla nyinyi," akasema. "Mimi mliniletea utumbo."