Faiba na chuma: kushikana sana nako kuna shida yake

Juzi nilikuwa gereji moja pale Majengo, Dodoma, fundi anabandua faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa resini, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu) aliyozibia sakafu ya pikapu iliyooza, aisee imetoka kipande kizima kama gamba la nyoka, na upande wa chini imeng'ang'ania kutu nyekundu. Fundi anasema kosa ni msasa haukupigwa vya kutosha, mwenye gari anasema faiba na chuma havipatani, bora angechomelea bati.

Mi naona wote wana pointi. Lile gamba lenyewe linaonyesha resini ilishika vizuri tu, ila ilishika kutu, na kutu haijashika chuma. Kwahiyo fundi yuko sahihi, sugua mpaka chuma king'ae, futa mafuta kwa thina, paka hapohapo, na resini ya epoksi inashika chuma kuliko ile ya poliesta ya bei rahisi. Ila na mwenye gari msikilizeni, jua la Dodoma mchana bati hushiki, usiku wa mwezi wa saba unatafuta sweta, chuma kinatanuka kivyake na faiba kivyake, kila siku vinavutana mpaka pembeni panafunguka, maji yakiingia ndo basi.

Sasa kuna upande ambao wengi hatuufikirii, kushikana kupita kiasi. Wanaotengeneza alumini yenye nyuzi za kaboni ndani wanajua, alumini inayeyuka kwenye joto la sentigredi 660 hivi, ikikutana na kaboni ikiwa ya moto hivyo zinaungana kikemikali inatokea alumini kabaidi, kitu cha kukatika katika na unyevu unakiharibu. Hapo ufa ukianza kwenye metali unapita moja kwa moja unakata nyuzi. Ila mshiko ukiwa wa wastani ufa ukifika kwenye uzi unageuka unaufuata, uzi unachomoka taratibu kwa kusuguana na nguvu inaishia humo. Ndo maana nyuzi zinapakwa utando kwanza. Ukilegeza sana nako mzigo haufiki kwenye nyuzi, zinakaa tu mle bila kazi.

Kiraka lakini hakina faida yoyote ya kuchomoka, kile kishike kwa nguvu zote. Na kwa sakafu inayokanyagwa na kubeba mzigo mi nipo na mwenye gari, kata kilichooza chomelea bati, faiba ikazibe bampa la faiba, huko inashikana na mwenzake.